Walipotaka Kunikalisha Meza Kuu

Mwezi wa kumi klabu yetu ya kukimbia hapa Kiseke ilikaa kikao na kuamua kwa kauli moja, mimi mwenyewe nikiwa sipo, kunipandisha cheo. Nilikuwa mkimbiaji, sasa nikawa mlezi. Taarifa niliipata kwenye kundi la simu, imepambwa kwa maua na viganja viwili vilivyokutana, na chini yake watu wakapanga foleni kuandika: "Hongera mwalimu, unastahili." Nilikuwa jikoni nachambua dagaa. Nikaisoma, nikanawa mikono, nikaisoma tena. Jamani, kumbe mtu anaweza kuzikwa huku anapigiwa makofi!

Kama hujawahi kuwa kwenye klabu ya namna hii, ngoja nikueleze mlezi ni nani. Mlezi ni mtu anayeheshimiwa sana na ambaye hatakiwi kufanya chochote. Anakaa meza kuu, chini ya turubai, kwenye kiti kilichovishwa kitambaa cheupe na kufungwa utepe mgongoni. Mbele yake kuna maua ya plastiki na chupa ya maji. Wenzake wanakimbia, yeye anawapungia mkono. Wakirudi wanahema, anasimama, anasema maneno mawili matatu kuhusu presha na kisukari, anakaa tena. Kazi yake imekwisha mpaka mwaka unaofuata.

Na mimi sikuwa mtu wa kupunga mkono. Huku kwetu hatukimbii kimya kimya. Jumamosi asubuhi watu hamsini wanajipanga wawili wawili, tisheti za rangi moja, mmoja anaimbisha, wengine wanaitikia, miguu inapiga chini kwa pamoja mpaka mbwa wa mtaa mzima wanakoma kubweka. Mwimbishaji ndiye anayeamua mwendo. Akivuta wimbo, mnavuta miguu, akiuchapusha, mtajiju. Kwa miaka tisa mwimbishaji nilikuwa mimi.

Kisha nikavunjika mguu. Laiti ningeuvunja mbioni, ningekuwa na la kusimulia. Niliuvunja Mabatini, nilikokwenda kumpa pole mwalimu mwenzangu aliyeteguka mkono. Nyumba yake iko juu kabisa, na ngazi za kwenda kwake ni mawe ambayo mtu aliyapanga kwa kukisia. Wakati naondoka akanilazimisha kubeba mkungu wa ndizi, mgonjwa anampa mgeni zawadi, ndiyo mambo yetu hayo. Nikakanyaga jiwe lililomwagiwa maji ya kufulia. Nilifika chini kabla ya ndizi.

Wakaniwekea vyuma viwili kwenye mguu wa kushoto, na baada ya hapo nikafungwa hogo, ile plasta ngumu, kutoka kwenye vidole mpaka juu ya goti. Daktari alisema mwaka ukiisha nianze kukimbia taratibu, na mwezi ule wa kumi mwaka ulikuwa umeisha. Alikuwa peke yake. Mtaa wangu una madaktari wengi zaidi, wote hawajasoma, na hao walisema vingine. Mmoja alisema vyuma vitachomoka. Mwingine akasema nisithubutu hata kutoka nje mvua ikinyesha, kwa sababu chuma huvuta radi, na radi za ziwani hazina masihara. Nikawa nawasikia watu wakinizungumzia nikiwa nimekaa hapo hapo: "Mwalimu huyu alikuwa anakimbia, acha kabisa!" Alikuwa. Nina miaka hamsini na mbili, nafundisha darasa la nne, nina meno yangu yote, tayari nimeshakuwa alikuwa.

Basi Jumamosi iliyofuata nikaenda kikaoni. Mwenyekiti wetu ni fundi wa majokofu. Nilimfundisha mwenyewe akiwa mtoto, na mpaka leo akiniona anaficha mikono nyuma.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nani kawaambia nimeacha kukimbia?"

"Hakuna, mwalimu. Ni heshima tu."

"Heshima gani hiyo ya kumzuia mtu mzima asitumie miguu yake?"

"Mwalimu, sisi ni watoto wako. Wewe kaa. Tutakimbia kwa niaba yako."

Kwa niaba yangu! Utadhani kukimbia ni kikao cha harusi, mtu anatuma mwakilishi. Nikawasha moto pale, nikasema yote, mengine sikuwa nimeyapanga. Mwisho tukakubaliana mbele ya watu. Jumamosi ya mwisho ya mwaka kulikuwa na mbio zetu za kufunga mwaka, kutoka Kirumba mpaka uwanjani Kiseke, kilometa kumi kwa vipimo vya mwenyekiti, aliyepima kwa pikipiki. Nyuma ya wakimbiaji kungekuwa na pikapu ya kuzoa waliochoka. Nikifika uwanjani kwa miguu yangu kabla mgeni rasmi hajamaliza hotuba, nabaki mkimbiaji na habari ya ulezi inafutwa. Nikipanda pikapu, nakaa meza kuu, navishwa skafu, nafunga mdomo.

Skafu walikuwa wameshaishona. Ya kijani, herufi za njano: MLEZI. Walinionyesha ili nifurahi.

Kuhusu muda sikuwa na wasiwasi mkubwa. Mgeni rasmi alikuwa mstaafu mmoja ambaye wanasema aliwahi kuhutubia kwenye ubatizo mpaka mtoto akaanza kutembea. Wasiwasi wangu ulikuwa kilometa zenyewe. Kufikia siku ile nilikuwa siwezi kukimbia kutoka nyumbani mpaka kwa muuza mkaa bila kukaa njiani kujifanya nafunga kamba za raba.

Tena ilibidi nifanye mazoezi kwa kujificha, kwa sababu ya mume wangu. Mume wangu ni mtu mwema. Anauza nyavu na kamba Kirumba, hana ugomvi na mtu, na wema wake ndio ulioelekea kunimaliza. Tangu nivunjike, nikiinuka tu, "Unataka nini? Kaa nikuletee." Maji, kaa nikuletee. Chumvi, kaa nikuletee. Siku moja niliinuka kwenda chooni, akasimama naye, kisha akafikiri kidogo, akakaa.

Kwa hiyo nikawa natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, yeye amelala. Trakisuti yangu ya zamani haikunipita tena mapajani, matunda ya kaa nikuletee hayo, nikavaa taiti na juu yake nikajifunga khanga. Nywele nilikuwa sijasuka, nikajitanda khanga nyingine kichwani. Siku ya nne nikajitahidi kwenda mbali kidogo. Mguu ukaanza kuuma, nikawa nachechemea. Kichomi kikanishika, nikashika ubavu. Mdomo nimeuacha wazi kutafuta hewa.

Sasa hebu jione wewe ndiye jirani. Mwanamke mtu mzima, khanga mbili, alfajiri na mapema, anakimbia anachechemea, kashika ubavu, mdomo wazi. Huku kwetu hayo si mazoezi, hiyo ni taarifa. Mama mmoja anayepika chapati njia panda akaniita, "Mwalimu! Mwalimu, kuna nini?" Pumzi ya kumjibu sikuwa nayo. Nikampungia mkono kumaanisha niache. Yeye akaelewa kwamba yamekwisha.

Nilizunguka dakika kama arobaini. Niliporudi nilikuta mabenchi yameshatolewa uani kwangu. Wanawake wamekaa kwenye mikeka, miguu wameinyoosha. Mafiga yamepangwa, sufuria kubwa la chai liko motoni, na baba mmoja yuko kwenye simu anaulizia turubai. Mume wangu amekaa katikati ya wanaume, bukta na shuka, machozi yanamtoka.

"Nani amekufa?" nikauliza.

Wote wakanigeukia.

Nilikuja kuelewa baadaye. Wanawake walifika wakilia wakijua aliyefariki ni mume wangu. Alipofungua mlango mwenyewe, aliyetangulia kulia alikaa chini palepale kwa hofu. Baada ya hapo wakamfariji yeye, wakidhani ni mtu wa upande wangu. Wakajadili ndugu zangu mmoja mmoja, wakakubaliana kuwa ni kaka yangu wa Magu, kwa kuwa aliwahi kuumwa. Saa hiyo mtu alikuwa ameshampigia kaka yangu huyo huyo, ili ampe pole. Alipokea akiwa shambani.

"Nilikuwa mazoezini," nikasema.

"Mazoezi ya nini?" akauliza mama mmoja, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Hawakunisamehe siku ile. Chai wakanywa, ilikuwa imeshachemka.

Walipoondoka mume wangu akafunga mlango. Sijawahi kumwona amekasirika vile.

"Unatafuta nini barabarani? Nikuulize tu. Unakosa nini humu ndani?"

"Sikosi kitu. Ndiyo shida yenyewe."

"Shida ni kutunzwa?"

Ndipo nikamwambia habari ya mama yangu, ambayo alikuwa anaijua yote isipokuwa sehemu yangu. Mama alianguka kwake Magu akitoka kuchota maji, akateguka nyonga. Haikuvunjika, na tuliambiwa atembee. Sisi watoto wake tulikuwa watoto wazuri mno. Tulikuwa tunakwenda kwa zamu. Tukamnunulia kiti kikubwa cha mito, akiinuka tunamwambia, "Mama tulia, sisi tupo." Alikuwa na fimbo, na kila asubuhi alitaka kwenda kuangalia mihogo yake. Fimbo ile niliichukua mimi nikaiweka juu ya kabati, kwa upendo kabisa. Aliiomba. Kesho yake akaiomba tena. Siku ya tatu hakuiomba. Akakaa. Miaka miwili amekaa, miguu ikakonda ikawa ya mtoto, na watu walikuwa wakija wanatusifu jinsi tunavyomtunza mama yetu. Ulipofika mwisho hata kugeuka kitandani alikuwa hawezi. Mimi ndiye niliyemkalisha. Kwa hiyo siku mume wangu alipoingiza sebuleni kiti chenye mito na kusema, "Hiki chako," niliogopa kuliko nilivyoogopa kisu cha daktari.

Mume wangu alikwenda kuosha vikombe vya waombolezaji. Ila kuanzia siku ile akaacha kuuliza naenda wapi, na klabu ilipotafuta watu wa kukaa kwenye pikapu siku ya mbio, akajiandikisha. "Nitakuwa nyuma yako tu," akasema. Hilo nalo lilikuwa tishio.

Mwezi wa kumi na moja nikarudi kwenye mbio za Jumamosi, mkiani kabisa, mahali ambapo wimbo unafika umeshachuja. Kule mkiani nilimkuta mzee mmoja mgeni. Alikuwa amefanya kazi reli huko Tabora mpaka akastaafu, sasa ana miaka sabini na moja, mtoto wake amemleta Kiseke aishi naye. Anavaa raba za turubai nyeupe zilizopakwa chaki, na kitambaa cha jasho amekikunja vizuri mkononi. Hasemi sana. Tulikimbia pamoja Jumamosi tatu nzima kabla hajaniambia la maana.

"Kwa mwanangu nimewekwa kwenye kochi," akasema. "Rimoti mkononi. Nikisimama, mkwe wangu anaruka: baba, unataka nini?"

Nikacheka mpaka nikasimama. "Kaa nikuletee!"

"Hiyo hiyo. Hapa Jumamosi ndipo hakuna anayeniuliza nataka nini."

Basi tukawa wawili. Tukawa tunaitikia nyimbo kwa kuchelewa, tukiwasema vijana wa mbele na viatu vyao vya rangi za pipi. Kufika mwezi wa kumi na mbili nilikuwa naweza kilometa nane bila kusimama, na yeye vilevile. Nilikuwa na furaha, nasema kweli. Usiku mguu ulikuwa unauma na bado nilikuwa na furaha.

Siku ikafika. Tulikusanyika Kirumba mapema, karibu na soko la samaki la Mwaloni, harufu ya dagaa imetanda na korongo wale wenye vipara wamesimama juu ya mapaa wanatutazama, wamekunja shingo kama wajumbe wa kamati. Mwenyekiti akatangaza kuwa leo hakuna kuimba, leo ni mashindano, kila mtu na pumzi zake. Akapuliza filimbi. Vijana wakatimka. Sekunde chache tu wakawa vumbi, na mimi na mzee wa reli na kina mama watatu wanene tukabaki tunatazamana.

Adui yangu wa kwanza hakuwa mguu. Nimefundisha miaka ishirini na nane, na nadhani nusu ya wilaya yetu ya Ilemela imepita mikononi mwangu. Siku ile wote walikuwa barabarani. "Shikamoo mwalimu!" Marahaba. "Mwalimu, shikamoo!" Marahaba, hujambo? "Shikamoo, unanikumbuka?" Marahaba baba, nakukumbuka. Sikumkumbuka hata kidogo. Mtu ananisalimia, nitampita kama nguzo? Kila marahaba ilikuwa inakula pumzi ya hatua nne. Nilipofika Pasiansi nikakutana na bibi kizee kakaa na karai lake la samaki, huyo sasa ndiye ilibidi nimwamkie mimi, na bibi hasalimiwi ukiwa mbioni. Nikapunguza mwendo, nikainama kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unakimbilia wapi?"

"Kiseke, mama."

"Si upande gari?"

Nikamwambia asante.

Baada ya Pasiansi kina mama watatu walikaa chini mmoja baada ya mwingine. Ndugu zao wakaja kuwachukua kwa bajaji, wakaondoka wakicheka. Mzee wa reli alikuwa ameshanipita zamani, yeye watu wa kumsalimia alikuwa hana. Nikabaki wa mwisho. Nikaisikia ile pikapu ikija nyuma yangu, inanguruma taratibu. Juu yake walikuwapo mume wangu na wanawake wawili wa huduma ya kwanza, na sanduku la glukosi.

"Mwalimu, umeshaonyesha!" akasema mmoja. "Panda sasa!"

Nikaendelea. Dereva akapiga honi kidogo, ya adabu.

"Mke wangu," akasema mume wangu, "inatosha."

Nikamjibu neno ambalo mtoto akilisema darasani kwangu namwita mzazi wake. Pikapu ikaendelea kunifuata, hatua tano nyuma, kilometa mbili nzima. Hujui uchovu wewe mpaka ufuatwe na gari lenye huruma.

Tulipoanza kupanda kuelekea Kiseke nikamwona mzee mbele yangu. Alikuwa ameshikwa na mkazo wa misuli kwenye kigimbi, anatembea huku anauburuta mguu, kisha anakimbia kidogo, anatembea tena. Kilikuwa kimebaki kipande kifupi, kilometa moja na ushee. Nikamfikia. Uso wake ulikuwa umelowa, midomo mikavu, ile raba moja imefunguka kamba.

"Pole, baba."

"Nimeshapoa, mwalimu. Twende."

Tukaenda. Pikapu nayo ikaja, sasa karibu zaidi, ikitupumulia mgongoni. Goti langu lilikuwa linawaka. Nikafikiri: gari hili halitaniacha mpaka libebe mtu. Nikamtazama yule mzee. Na mimi, mimi huyu huyu niliyewasha moto kikaoni, nikasikia mdomo wangu unasema, kwa ile sauti laini nzuri ninayoitumia kwa wazee:

"Baba yangu, panda gari upumzike. Umejitahidi sana. Inatosha."

Sitadanganya. Nusu ilikuwa huruma. Nusu nyingine nilitaka pikapu ile ipate mzigo iniondokee.

Akanitazama. Lakini neno langu lilikuwa limeshasikika. Wanawake wa huduma ya kwanza wakaruka chini, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule. "Njoo mzee wetu, njoo taratibu." Mume wangu akateremsha lango la nyuma. Watu wa pale kando ya barabara wakadakia, "Mzee apumzike jamani, si vizuri, mwacheni mzee!" Yule baba ni mstaarabu. Hakutaka kugombana na umati wa watu wanaomheshimu. Akasema, "Haya. Kama ndivyo mnavyoona." Wakampandisha, wakamkalisha juu ya tairi la akiba. Gari likanipita. Alikuwa ameelekea nyuma, ananitazama, mpaka wakakata kona.

Niliikimbia ile kilometa iliyobaki bila gari nyuma, barabara yote yangu. Uwanjani nikamsikia mgeni rasmi kabla sijamwona, alikuwa kwenye "la tatu na la mwisho," kwa mara ya pili. Watu walipiga vigelegele. Vijana wa viatu vya pipi wakaja kunikimbilia mita za mwisho, wakaanza kuimba, wimbo wangu, ule wa zamani, nikaitikia kwa sauti iliyopasuka. Mwenyekiti akalia. Mimi nikalia. Nilikuwa wa mwisho, na sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu nijifungue kitinda mimba wangu.

Nimekaa kwenye nyasi nimenyoosha mguu, nikasikia mshereheshaji kwenye kipaza sauti: "Na sasa, ndugu wanaklabu, tunamkaribisha meza kuu mlezi wetu mpya!"

Damu ikanipanda. Nikasimama niende kumnyang'anya kipaza sauti. Ndipo nikaona. Walikuwa wanamleta mzee wa reli, wamemshika mikono yote miwili. Wakamkalisha kwenye kiti cheupe chenye utepe. Mgeni rasmi akamvisha skafu. Watu wakapiga makofi, na yeye akainua mkono kidogo, akawapungia.

"Nyie mnafanya nini?" nikamuuliza mwenyekiti.

Akaficha mikono nyuma. "Mwalimu, skafu ilishashonwa. Na kiti kilikuwa wazi. Mzee alikuja na gari, tukaona ni Mungu tu." Alikuwa anatabasamu, amefurahi kwa dhati kabisa. Mimi ndiye niliyemletea.

Wakaanza kugawa supu. Mume wangu akanitafutia bakuli, nyama nzuri, mfupa mkubwa. Sikuweza kula. Nikatazama meza kuu. Kijana mmoja wa klabu, mwenye adabu zake, alikuwa amepeleka sahani ya mzee, na nyama zote wamemkatia vipande vidogo vidogo. Meno yake yote yapo, nimemwona akivunja miwa. Hakuzigusa. Ameweka mikono juu ya magoti, anatazama barabara tuliyokuja nayo.

Nikaenda. Nikapiga magoti pembeni ya kiti chake, mguu wenye vyuma ukanilaani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, nisamehe."

Hakuwa na hasira, ingekuwa nafuu angekuwa nayo.

"Wengine wote nilitegemea waseme," akasema. "Mwanangu, mkwe wangu, wale kwenye gari. Wewe nilikudhania hutasema."

Nililia pale, mbele ya maua ya plastiki, na watu wakadhani ni furaha ya ushindi. Mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, "Mnaona upendo huo?" Wakapiga makofi tena.

Nilipoweza kusema nikamwambia, "Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nitakupitia. Twende mimi na wewe, tumalize ile kilometa."

"Usinipitie," akasema. "Njia naijua."

Jumatatu sikumpitia. Nilimsubiri njia panda, nilifika kabla ya saa kumi na mbili, na robo saa ikapita, nikajua nimemkosa, amekaa kwenye kochi na rimoti yake na mimi ndiye niliyemrudisha huko. Nikamuuliza mlinzi wa duka la dawa, nikijua jibu.

"Mzee wa raba nyeupe? Huyo mbona kapita mbio muda mrefu, bado giza," akasema. "Kaelekea chini, Pasiansi. Nilimwambia apumzike kidogo hapa kwenye kiti changu. Hata hakunijibu."

Nikamfuata mpaka Pasiansi, mbio zote nilizonazo. Sikumpata, alikuwa ameshaniacha mbali.